Kidonda Kilipona Kitambo, Mbona Mkono Bado Unawaka?

Kama wewe ni msee wa Isich, lazima unamjua mtu wa hii story. Alianguka na nduthi hapo Juja Road, akalazwa, akawekwa chuma, akatoka. Kovu limekauka, eksirei iko fiti. Lakini usiku yuko macho, ameshika mkono kama mtu ameungua, na ploti nzima imeshaamua: huyu anajifanya. Mathe naye anasema amerogwa.

Zii. Hajifanyi. Wacha nikuchanue.

Neva ni kama waya za stima mwilini. Ukiguswa na moto, zinapeleka habari kwa ubongo. Sasa ajali ikizivuta, izifinye ama izikate, waya zenyewe zinaharibika na kuanza kutuma habari za uongo. Moto hakuna, lakini ubongo unapokea moto. Kama umewahi kuishi keja yenye stima imeunganishwa vibaya unaelewa: taa inawakawaka na hakuna mtu amegusa swichi.

Watu wa nduthi wanajua hii sana. Ukirushwa, kichwa kinaenda huku, bega linaenda kule, na neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zinavutwa kama kamba. Na Isich si barabara peke yake imeumiza watu. Kumbuka matatu iliyolipuliwa Jumapili ya 18 Novemba 2012. Kipande cha chuma kikipita kwa nyama kinaweza kukata neva pia, na kamera zikishaondoka hakuna mtu huuliza umelala aje.

Haya maumivu yanachoma, yanarusha kama stima, yanadunga kama sindano. Mahali pamekufa ganzi na bado panauma. Shuka ikigusa tu, unaruka. Kuna wenye wanaumwa na mguu ulioshakatwa, na si wazimu. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, na wenzake waliandika kuhusu hii kitu 1864, wakitibu wanajeshi waliopigwa risasi: vidonda vimefunga, mikono bado inawaka.

Sasa, kemisti. Unanunua Panadol, unanunua Brufen, haishiki. Unaongeza. Brufen ya kila siku inakula tumbo na figo, na neva bado inarusha tu. Halafu msee wa kona anakuletea tramadoli bila karatasi. Hapo ndio noma inaanzia. Hiyo dawa inashika mtu, na ukichanganya na pombe ama tembe za kulala unaweza kuacha kupumua.

Daktari mara nyingi ataanza na amitriptilini, gabapentini ama pregabalini. Ya kwanza ilianza kama dawa ya mawazo, hizo zingine ni za kifafa, kwa hivyo usikasirike ukidhani amekuona chizi. Zinatuliza waya. Dozi inaanza chini, inapanda polepole, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Zinaleta usingizi, so usipande nduthi kabla hujajua zinakufanya aje. Usiache ghafla pia. Na nisikudanganye: wengi hupunguziwa maumivu, hayaishi yote.

Kitu moja haingoji. Kama mkono hauinuki tangu ajali, itisha barua ya kwenda hospitali kubwa kama Kenyatta mapema. Neva huota karibu milimita 1 kwa siku, kutoka bega hadi vidole ni hesabu ya miaka. Iliyokatika kabisa inaweza kutaka upasuaji, na upasuaji hufanya vizuri ukifanywa miezi ya kwanza. Ukikaa mwaka ukikanda na mafuta, misuli inakufa ikingoja.

Ukifika kwa daktari usiseme tu "inauma." Sema inachoma, inarusha, ina ganzi, shuka inaumiza. Hayo maneno ndiyo yatamfanya afikirie neva.

Na kama si wewe, ni yule jirani, ukimpata kwa geti msalimie na ule mkono mwingine.