Kamioneti ya milango mbili ingali na faida?

Wandugu wafanyakazi, mutu akipata dekonti yake, mawazo ya kwanza ni motokari. Tena kamioneti. Sasa achague gani?

Hilux ya milango mbili iko na fasi ya mizigo ya karibu metre 2,30. Ya milango mine, karibu 1,50 tu. Kwa kubeba makala ao bunga, ile ya milango mbili njo inaleta makuta. Lakini ndani ni watu wawili ao watatu, basi. Muke na watoto watakaa wapi? Juu ya magunia, na barabara zetu munazijua.

Mbele ya kulipa, muulizane nyumbani: ni ya kazi ao ya jamaa? Kama ni ya kazi, nunua milango mbili, na watoto wapande teksi.