Bei ya Straika na Hesabu ya Kijiweni

Hesabu ya kijiweni haina mizunguko: chukua dau, ligawe kwa mabao, jibu ndiyo hukumu. Kwa hesabu hiyo, Fernando Torres aliigharimu Chelsea pauni milioni 2.5 kwa kila bao la ligi. Andy Carroll aliigharimu Liverpool karibu milioni 6. Wote wawili walisajiliwa siku moja, Jumatatu ya Januari 31, 2011, na mpaka leo ukiwataja mbele ya mashabiki wa timu hizo, iwe Anfield kwenyewe au kwenye kibanda umiza cha Manzese, hukosi mtu wa kuguna. Garasa, ndilo neno wanalopewa.

Lakini siku ile ina mengi kuliko kuguna. Ukiifuatilia saa kwa saa, unaanza kuona kwamba bei ya straika haipangwi na miguu yake peke yake, na wakati mwingine haipangwi hata na klabu inayomuuza.

Torres alikuwa kipenzi cha Liverpool. Alifika 2007 akitokea Atlético Madrid, akazifumania nyavu mara 24 katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Chelsea ilipomwaga pauni milioni 50, rekodi ya Uingereza wakati huo, baadhi ya mashabiki wa Liverpool walizichoma jezi zake. Uongozi ulikuwa na shida nyingine: dirisha dogo lilikuwa linafungwa usiku huohuo na timu ilihitaji namba 9 mwingine. Macho yakaelekea Newcastle, kwa kijana wa miaka 22 aliyezaliwa Gateshead, ng'ambo tu ya mto Tyne, mrefu, hodari wa vichwa, mwenye mabao 11 ya ligi msimu ule. Na mwenye paja bovu, kwani Carroll alisajiliwa akiwa majeruhi na hakucheza mpaka Machi.

Newcastle ilikataa madau ya mwanzo. Mwisho ikakubali milioni 35.

Baadaye mmiliki wa Liverpool, John W. Henry, alilieleza gazeti la Guardian jinsi walivyopiga hesabu, na maelezo yake yanapaswa kusomwa na kila anayebishana kuhusu usajili. Kwa Liverpool, bei ya Carroll yenyewe haikuwa jambo kubwa. Walichotaka ni tofauti ya milioni 15 kati ya fedha inayoingia na inayotoka. Newcastle ingetaka milioni 20, Torres angeuzwa 35. Ingetaka 25, angeuzwa 40. Ilipotaka 35, Chelsea ikadaiwa 50. Kwa maneno mengine, aliyepanga bei ya Torres alikuwa Newcastle, klabu ambayo Torres hajawahi kuichezea hata dakika moja, na aliyelipia ugumu wa Newcastle alikuwa Roman Abramovich, mmiliki wa Chelsea wakati huo.

Newcastle ilipata wapi jeuri hiyo? Ilijua mnunuzi ana fedha na ilijua hana muda. Anayemtafuta kuku mkesha wa Idi hapangi bei. Ndiyo sababu mashabiki hupaswa kuwa na wasiwasi na usajili wa Januari, hasa ule wa siku ya mwisho. Linganisha na Erling Haaland, aliyekwenda Manchester City mwaka 2022 kwa takriban pauni milioni 51. Wengi walishangaa bei ilivyokuwa ndogo. Mkataba wake na Borussia Dortmund ulikuwa na kipengele kilichotaja dau la kumruhusu aondoke, kwa hiyo Dortmund haikuwa na nafasi ya kupandisha. Gharama nyingine, yaani mshahara na malipo ya wakala, hazionekani katika dau hilo, na kijiweni ni nadra kuhesabiwa.

Tukirudi 2011, kuna jina la tatu ambalo hesabu ya kijiweni hulisahau. Katika dirisha lilelile Liverpool ilimchukua Luis Suárez kutoka Ajax kwa pauni milioni 22.8. Torres aliichezea Chelsea mechi 110 za ligi na kufunga mabao 20. Suárez aliichezea Liverpool mechi 110 za ligi vilevile, akafunga 69. Mwaka 2014 aliuzwa Barcelona kwa bei iliyozidi pauni milioni 60. Klabu moja, dirisha moja, watu walewale waliokuwa wakiamua: mmoja akawa faida kubwa, mwingine akafunga mabao 6 ya ligi katika mechi 44 na kuishia West Ham kwa takriban milioni 15. Anayesema viongozi wa Liverpool hawakujua mpira atueleze walivyompata Suárez, na anayesema walijua atueleze habari ya Carroll.

Mabao nayo hayana uzito sawa. Torres alikaa muda mrefu tangu ahamie Chelsea ndipo akafunga la kwanza, dhidi ya West Ham. Lakini Aprili 24, 2012, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, alitoka na mpira nusu nzima ya Camp Nou, akampita kipa Víctor Valdés na kuipeleka Chelsea fainali iliyowapa kombe. Wapo mashabiki wa Chelsea wanaosema bao lile peke yake lilirudisha fedha zote. Wanatia chumvi kidogo, kwa sababu hata kabla yake Chelsea ilikuwa inapita kwa bao la ugenini la Ramires. Ila aliyekuwa anaitazama mechi ile jasho likimtoka hakuwa na muda wa kanuni.

Mhasibu wa klabu ana hesabu yake tofauti. Yeye halifuti dau lote mwaka wa kwanza, bali hulisambaza katika miaka ya mkataba. Mkataba wa Torres ulikuwa wa miaka mitano na nusu, hivyo milioni 50 zikawa kama milioni 9 kwa mwaka. Chelsea ya wamiliki wapya iliuvuta ujanja huo mpaka mwisho Januari 2023 ilipompa Mykhailo Mudryk mkataba wa miaka minane na nusu. UEFA ikajibu kwa kuweka kikomo: katika hesabu zake, dau linasambazwa kwa miaka isiyozidi mitano.

Na Newcastle, ambao mashabiki wao waliumia kumwona mtoto wa nyumbani akiondoka? Walimpata Demba Ba bila ada, akafunga mabao 16 ya ligi msimu wa 2011/12. Januari 2012 wakamleta Papiss Cissé kutoka Freiburg, akafunga 13 katika mechi 14. Msimu huo ulipoisha, Newcastle walikuwa wa tano, Chelsea wa sita, Liverpool wa nane. Muuzaji aliwazidi wanunuzi wote wawili.

Watanzania wana Januari yao pia. Mwaka 2020, Aston Villa ilipompoteza Wesley kwa jeraha la goti, ilimchukua Mbwana Samatta kutoka Genk kwa dau lililotajwa kuwa pauni milioni 8.5. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, kisha akafunga Wembley dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi. Katika uhamisho wa nchi hadi nchi, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya dau kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kwa dau kama hilo, kila msimu wa kuanzia umri wa miaka 16 una thamani ya zaidi ya pauni 40,000. Hapo ndipo African Lyon, Simba na TP Mazembe, alikopitia Samatta, wanapoingia katika mahesabu ya Villa.

Villa ilimwachia Samatta aende Fenerbahçe Septemba ya mwaka huohuo, baada ya kumsajili Ollie Watkins kutoka Brentford kwa pauni milioni 28, rekodi yake wakati huo. Watkins alifunga mabao 14 ya ligi msimu wa kwanza. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda Exeter City, klabu ndogo iliyomkuza, ambayo ilipomuuza Brentford iliweka kipengele cha kupata mgawo akiuzwa tena. Wakati huo Exeter ilikuwa inamilikiwa na mashabiki wake.