MJI WA FURAHA UNAOVAMIWA NA MAHARAMIA KILA JULAI

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa kuamkia tarehe 28 Julai, kila mwaka, watu wa Villajoyosa hawalali. Wazee hubeba viti, akina mama hubeba mablanketi na vikapu vya chakula, na watoto hushikwa mikono hadi ufukweni, ambako umati huketi mchangani ukilikodolea macho giza la Bahari ya Mediteranea. Kabla ya mapambazuko, taa huonekana majini. Mashua zilizojaa watu waliovaa vilemba na majoho ya rangi hukaribia pwani, baruti hulia, moshi hutanda, na mara wavamizi hujitosa majini na kukimbilia nchi kavu, ambako jeshi la Wakristo linawangoja. Jua linapochomoza, vita vimepamba moto.

Ndugu msomaji, vita hivyo havimwagi damu. Ni kilele cha sikukuu iitwayo Wamori na Wakristo, ambayo mji huo mdogo wa pwani ya mashariki ya Hispania huiadhimisha kuanzia tarehe 24 hadi 31 Julai. Hata jina la mji linaafiki shangwe hizo, kwani Villajoyosa, au La Vila Joiosa kama wenyeji wanavyoliita kwa lugha yao ya Kivalensia, maana yake ni mji wenye furaha. Wakazi wake ni yapata 35,000. Uvuvi na utengenezaji wa chokoleti ni kazi za jadi hapo, na nyumba zinazoelekea bahari zimepakwa rangi nyekundu, samawati, manjano na kijani. Wazee husimulia kwamba rangi hizo zilimsaidia mvuvi aitambue nyumba yake akiwa bado mbali majini.

MAHARAMIA WALIKUWAKO KWELI

Asili ya sikukuu hiyo ni hofu. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wao wa mwisho, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Katika karne ya 16, merikebu za maharamia kutoka pwani ya Afrika ya Kaskazini zilikuwa zikivamia vijiji vya pwani ya Valencia na kuchukua mateka. Haki itupasayo kuitenda ni kusema pia kwamba unyama huo ulikuwa wa pande mbili: merikebu za Wakristo nazo ziliteka Waislamu na kuwafanya watumwa wa kupiga makasia.

Mwaka 1538 Villajoyosa ilishambuliwa. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, mji ulipokuwa ukingoni mwa kuanguka, Mtakatifu Martha aliwatokea, na mto Amadorio ukafurika ghafla na kuzigharikisha merikebu za adui. Tangu hapo mtakatifu huyo ndiye msimamizi wa mji, na sikukuu yake huangukia tarehe 29 Julai, siku moja baada ya maigizo ya uvamizi.

Katika karne hiyo hiyo wafalme wa Hispania walijenga minara ya walinzi kandokando ya pwani hiyo. Mlinzi aliyeona tanga geni aliwasha moto, na mnara wa pili ukajibu kwa moto wake, hadi habari ikaenea. Msomaji wa Afrika Mashariki atavutiwa kujua kwamba mmoja wa wafalme hao, Filipo wa Pili, ndiye aliyekuwa akiitawala Ureno pia mwaka 1593, wakati Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Mfalme mmoja, bahari mbili, na wasiwasi ule ule wa tanga la adui.

Hata lugha inashuhudia kwamba Waarabu hawakupita Hispania kama upepo. Mhispania huita sukari "azúcar", zafarani "azafrán" na biringani "berenjena". Maneno hayo, kama yetu, yalipitia katika Kiarabu. Hivyo mpishi wa Villajoyosa na mpishi wa Unguja hushika viungo vyenye majina ya ukoo mmoja, ingawa hawajapata kuonana.

KAZI YA MWAKA MZIMA

Mgeni aonaye mavazi ya hariri, ngamia wa mapambo na bendi za matarumbeta huenda akadhani kwamba serikali ya mji imekodi waigizaji. Sivyo. Sikukuu inabebwa na wananchi wenyewe kwa njia ya vikundi viitwavyo comparsa. Vingine ni vya Wamori na vingine vya Wakristo. Mwanachama hulipa ada, huhudhuria mikutano na hugharimia mavazi yake. Aghalabu uanachama hurithiwa: babu alikuwa Mmori, baba Mmori, na mtoto huvishwa kilemba kabla hajajua kutembea. Katika kikundi hicho, fundi bomba, mwalimu na muuza samaki huketi meza moja kula na kupiga soga.

Baada ya mapigano ya ufukweni, Wamori huiteka ngome ya maonyesho. Jioni Wakristo huirudisha. Kabla ya kila shambulio husomwa risala ndefu, upande mmoja ukidai ngome na upande wa pili ukikataa, ndipo bunduki za gobori zinapoachiwa kunguruma. Yafaa kukumbuka kwamba kuwa Mmori si aibu wala adhabu. Wengi huona fahari kuwa upande huo, kwa kuwa mavazi yake na muziki wake husifiwa sana.

Pamoja na hayo, sikukuu za namna hii zimelazimika kujitazama upya. Mwaka 2006 baadhi ya miji ya Valencia iliacha desturi ya kulipua sanamu iliyoitwa Mahoma, kwa kutambua kwamba mchezo wa jirani mmoja waweza kuwa jeraha kwa jirani mwingine. Katika mji wa Alcoy, ulioko bara, wanawake walipigania kwa miaka mingi haki ya kuandamana kama wapiganaji kamili. Mila iliyo hai hujirekebisha.

MOTO WA ALICANTE

Afikaye mapema, mwezi Juni, huweza kuanzia Alicante, mji mkubwa ulioko kusini ya Villajoyosa. Huko husherehekewa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, kwa mtindo ulioanza mwaka 1928. Mafundi hujenga sanamu kubwa za mbao, makaratasi na vitu vingine vyepesi, nyingine zikifikia urefu wa ghorofa kadhaa, na aghalabu zikiwakejeli wanasiasa na tabia za watu. Kila mtaa hujivunia sanamu yake. Kisha, usiku wa tarehe 24 Juni, fataki hurushwa kutoka mlima wa Benacantil, na sanamu zote hutiwa moto. Vinyago vichache tu vilivyopigiwa kura husamehewa na kuhifadhiwa katika makumbusho.

Jasho la miezi mingi huteketea kwa dakika chache, na umati, badala ya kulia, huwapigia kelele wazima moto uwaombe maji. Nao wazima moto huuelekezea mipira yao na kuulowesha chapachapa. Aliyezoea Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambako kibanda huchomwa na watu hupigana kwa migomba ili mwaka uanze safi, hatahitaji maelezo marefu.

Katikati ya sikukuu hizo mbili huja tarehe 16 Julai, siku ya Bikira Maria wa Karmeli, ambaye mabaharia humwona kuwa mlinzi wao. Katika bandari nyingi za Hispania sanamu yake hupakiwa katika mashua iliyopambwa, na msafara wa vyombo vya uvuvi huifuata. Maua hutupwa majini kuwakumbuka waliokwenda baharini wasirudi.

KWA FAMILIA ITAKAYOSAFIRI

Wasomaji walio na ndugu Ulaya huenda wakapata nafasi ya kuziona sikukuu hizi. Tramu hutoka Alicante hadi Villajoyosa na kuendelea hadi Benidorm, ikipita karibu na bahari. Nyumba za wageni hujaa mapema, kwa hiyo nafasi itafutwe miezi kadhaa kabla. Joto la Julai hupita nyuzi 30. Baada ya chakula cha mchana maduka mengi hufungwa na watu hupumzika, na chakula cha usiku huliwa saa tatu au nne. Mzazi asishindane na desturi hiyo: mtoto aliyelala mchana ndiye atakayekesha bila kulia.

Milio ya magobori na fataki ni mikali mno. Watoto wachanga wakae mbali, na wakubwa wao wazibwe masikio. Nguo za pamba ndizo zifaazo, kwani cheche hutoboa na kuyeyusha nailoni. Kwa chakula, wali uliopikwa kwa supu ya samaki hautamshinda mtu wa pwani. Watoto hupenda horchata, kinywaji cheupe na kitamu kitokanacho na vijiviazi vya mmea wa jamii ya ndago, kinywewacho kikiwa baridi sana.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE?

Lipo jambo moja ambalo matangazo ya utalii hayalitaji. Benidorm, jirani wa Villajoyosa, ilikuwa kijiji cha wavuvi hadi miaka ya 1950. Leo ni msitu wa maghorofa. Mwaka 2024 Hispania ilipokea watalii karibu milioni 94, idadi inayokaribia kuwa mara mbili ya wananchi wake. Fedha ziliingia, lakini kodi za nyumba nazo zilipanda, kwa sababu mwenye nyumba huweza kupata zaidi kwa kuwapangisha watalii kuliko kumpangisha mwalimu mwaka mzima. Mwaka huo wananchi waliandamana katika visiwa vya Kanari, Mallorca, Barcelona na Málaga, wakidai mahali pa kuishi katika miji yao wenyewe.

Sikukuu haiwezi kusalimika katika mji usio na wenyeji. Hoteli huweza kununua fataki, lakini haiwezi kumnunua babu atakayemfundisha mjukuu jinsi ya kufunga kilemba cha ukoo. Kijana wa mvuvi akihamia mbali kwa kukosa chumba, ada yake, tarumbeta lake na nafasi yake katika mashua ya alfajiri vinaondoka pamoja naye.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Villajoyosa hapewi jembe, bali ana wajibu mwepesi: ale katika mkahawa wa wenyeji, asizibe njia ya maandamano, aulize kabla ya kupiga picha za watoto wa watu, na akumbuke kwamba karamu aliyoikuta imelipiwa na watu wanaorudi kazini kesho yake. Baharini alfajiri ile, maharamia ni wa mchezo. Mtalii naye asije akawa haramia wa kweli.