Vumbi la Machimbo na Pumzi ya Mgonjwa

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita, na yale ya Kahama mkoani Shinyanga, hewa huweza kubeba vitu viwili visivyoonekana kwa macho: vumbi la mwamba na vijidudu vya kifua kikuu. Mtafiti wa shahada ya uzamivu atakaye kuvichunguza hana budi kuanza na swali la fizikia: chembe hukaa hewani kwa muda gani?

Katika hewa tulivu, kasi ya kuanguka kwa chembe ndogo hufuata mraba wa kipenyo chake. Kipenyo kikipungua nusu, kasi hupungua hata robo. Tone lenye upana wa sehemu 1 ya 10 ya milimita, likitoka kinywani, hufika chini kwa sekunde chache. Chembe yenye upana wa sehemu 1 ya 1,000 ya milimita huhitaji zaidi ya saa 10. Mnamo 1934 Mmarekani William F. Wells alieleza kwamba matone madogo ya kikohozi hukauka kabla ya kuanguka, yakabaki viini vyepesi vinavyoelea. Baadaye mwenzake Richard Riley alipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu mjini Baltimore hadi kwenye chumba cha simbilisi. Wanyama hao hawakuwakaribia wagonjwa hata mara moja, lakini baadhi yao waliambukizwa.

Vumbi la silika, litokalo mwamba unapotobolewa au mawe yanaposagwa kwenye makarasha, lina chembe za ukubwa kama huo. Nazo hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Huko huziharibu seli ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Hivyo mchimbaji aliyevuta vumbi kwa miaka mingi huwa mwepesi kuugua kifua kikuu, na arudipo nyumbani jamaa zake nao huwa hatarini.

Kinga zake hazifanani. Maji yakinyunyiziwa mwamba hutuliza vumbi, lakini hayazuii pumzi ya mgonjwa. Upepo safi ukipitishwa mgodini hupunguza vyote viwili. Ili kujua kinga ipi yatosha, yapasa kupima. Na hapo ndipo ugumu ulipo. Vijidudu ni vichache mno katika hewa nyingi, huweza kufa wakati wa kunaswa, na hukua polepole kwa wiki kadhaa maabarani, ambako vijidudu vingine huviwahi.

Kwa hiyo kazi hii yahitaji mtu mwenye fizikia, biolojia na hisabati kwa pamoja. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, ina kituo Mwanza, jirani na machimbo hayo. Mwanafunzi anayejifunza leo kanuni ya mraba wa kipenyo ameshika tayari chombo cha kwanza cha kazi hiyo.