Dumu la petroli na ngumi: lipi kosa zito?

Tuseme wavuvi wawili wa Kizingitini wamegombana. Mmoja ampiga mwenzake ngumi, jicho livimbe. Aliyepigwa, kwa hasira, aondoka na dumu la petroli la mpigaji. Nani ametenda kosa zito? Wengi watamtaja mpigaji. Sheria ya Kenya humtaja mwizi.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hugawa makosa mafungu mawili. Kwa mujibu wa kifungu cha 4, kosa zito ni lile ambalo sheria yenyewe imelitangaza hivyo. Isipolitangaza kuwa dogo, basi huwa zito iwapo adhabu yake yaweza kuwa kifo, au kifungo cha miaka 3 na kuendelea. Yaliyosalia yote ni madogo.

Kwa hiyo tangazo hutangulia miaka. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, umetangazwa kosa zito, na adhabu yake haizidi miaka 3, hata kama mali ni ya shilingi chache. Kumpiga mtu ukamuumiza, kifungu cha 251, ni kosa dogo, ijapokuwa waweza kufungwa miaka 5. Kuzikata nyavu zake makusudi pia ni kosa dogo la miaka 5. Lakini jicho likipofuka, au mashua yake ikichomwa moto, hayo ni makosa mazito, na kifungo chaweza kuwa cha maisha.

Mgawanyo huu ulitoka Uingereza, ambako ulifutwa mwaka 1967. Kwetu ungalipo, na una uzito wake mahakamani. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai humruhusu hakimu kuhimiza suluhu na fidia katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi, mradi yasiwe mazito wala yasiwe yamekithiri. Mwizi wa dumu hana mlango huo, hata akilirudisha likiwa limejaa. Kwa Kadhi nako hapaendwi: Katiba ya 2010 imemwachia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu.

Basi wazee kabla hawajakaa barazani kupatanisha, waitazame hati ya mashtaka. Namba ya kifungu ndiyo itakayowaambia kama suluhu yao ina nafasi mbele ya hakimu.