Seli bapa na seli za tezi: sura za saratani ya mlango wa kizazi

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, ile inayochungulia ukeni. Ni kiungo kidogo chenye ngozi za aina mbili. Nje umefunikwa na seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Mfereji wa ndani una safu moja ya seli ndefu za tezi zinazotoa ute. Kwenye mpaka wa ngozi hizo mbili, seli za ute hugeuka polepole kuwa seli bapa, hasa tangu msichana anapobalehe. Hapo ndipo saratani nyingi huanzia.

Chanzo chake karibu daima ni kirusi cha papiloma, HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani. Miili mingi hukifukuza kirusi hicho. Kikikaa, huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10 yaweza kutosha.

Saratani ya seli bapa ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi. Ikikua kwa nje hufanana na koliflawa na huvuja damu ikiguswa, ndiyo maana wanawake wengi huona damu kwanza baada ya tendo la ndoa. Wakati mwingine huchimba kidonda badala ya kuota uvimbe.

Saratani ya seli za tezi ni chache kuliko hiyo, na kirusi aina ya 18 kina sehemu kubwa ndani yake. Huanza mferejini, hivyo mlango waweza kunenepa kama pipa huku ngozi ya nje ikionekana safi. Zipo pia zinazochanganya aina zote mbili, na ile adimu ya seli ndogo, kali mno, inayowahi kusambaa mwilini.

Tofauti hizi zinamgusa moja kwa moja mwanamke wa Shinyanga au Geita anayekwenda kupimwa kwa siki. Mhudumu hupaka asidi asetiki, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kama kuna eneo lililogeuka jeupe. Ni kipimo chepesi, cha bei ndogo, na kimeokoa wengi. Lakini jicho halifiki ndani ya mfereji. Aliyeambiwa yuko salama, kisha akaendelea kutokwa na damu au majimaji yenye harufu, anastahili kuchunguzwa upya, tena bila kucheleweshwa.

Shinyanga ina jambo lake jingine: kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo inayokileta yakikwama kwenye mlango wa kizazi huleta vidonda na damu vinavyoweza kudhaniwa saratani, na saratani nayo ikadhaniwa kichocho. Macho matupu hayamalizi shauri hilo. Kinachohitajika ni kinyama. Kipande kidogo hukatwa, huhifadhiwa kwenye fomalini, hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi. Chini ya hadubini, mtaalamu wa patholojia huona kama ni mayai, seli bapa au tezi.

Matibabu huamuliwa zaidi na umbali ugonjwa uliofika. Ukiwa bado mlangoni, upasuaji unaweza kuuondoa. Ukishaingia pembeni, tiba ni mionzi pamoja na dawa ya sisplatini, na wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hupelekwa Bugando, Mwanza. Ukiachwa, hubana mirija ya mkojo hadi figo zishindwe kufanya kazi, au hutoboa kibofu.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 dozi moja ilianza kutolewa kwa wa miaka 9 hadi 14. Inalenga aina ya 16 na ya 18, kwa hiyo humkinga msichana hata ndani ya mfereji ule ambao siki haiufikii.