Baridi ya Dodoma na mashine ya kuhamisha joto

Wageni wengi wanaohamia Dodoma huja wakiwa wameonywa juu ya vumbi na jua. Juu ya baridi hakuna anayewaonya. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, na hasa baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, familia nyingi zilizozoea joto la Dar es Salaam zimejikuta huku, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai, mchana ni nyuzi 26 au 27, lakini usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na siku nyingine chini ya hapo. Upepo wa mashariki nao haupumziki.

Juma hili najibu barua ya msikilizaji wetu wa Kisasa. Anasema mama mkwe wake ni mtu mzima sana na ana pumu. Kila jioni humwekea jiko la mkaa chumbani ili apate joto. Sasa muuza vifaa vya umeme amemwambia anunue kiyoyozi kinachotoa baridi na joto pia. Anauliza: ni kweli kipo, na je, kinaifaa nyumba yake?

Kabla ya yote, ndugu yangu, jiko hilo litoke chumbani leo hii. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala hupoteza fahamu bila kuamka. Jiko lisilotoa moshi si jiko lisiloua. Isitoshe, mgonjwa wa pumu huumizwa na moshi hata ukiwa kidogo.

Tuje kwenye mashine yenyewe. Ndiyo, ipo, na wataalamu huiita pampu ya joto. Ukitaka kuielewa, nenda nyuma ya friji yako uguse. Utakuta pana joto. Joto hilo limetolewa ndani, kwenye maziwa na mboga, likamwagwa nje. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kiyoyozi hufanya kazi hiyo hiyo kwa chumba kizima. Pampu ya joto ni kiyoyozi kinachoweza kugeuza mwendo, yaani kikachukua joto la nje na kulileta ndani.

Utaniuliza, joto gani hilo lipo nje wakati nje ni baridi? Kwa mashine, hewa ya nyuzi 13 bado ina joto jingi. Ndani ya mabomba yake kuna gesi ambayo inaweza kuwa baridi kuliko hewa ya nje, kwa hiyo hupokea joto kutoka hewani. Kisha kompresa huigandamiza gesi hiyo, nayo hupanda joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto unapojaza upepo. Gesi hiyo ya moto hupitishwa chumbani, ikaacha joto lake, ikarudi nje kuchukua jingine.

Faida yake iko hapo. Hita ya waya hugeuza uniti moja ya umeme kuwa joto la uniti moja, basi. Pampu ya joto, kwa sababu inahamisha tu, kwa baridi ya wastani kama yetu inaweza kukupa joto la uniti tatu hivi kwa umeme wa uniti moja. Nje kunapozidi kuwa baridi faida hiyo hupungua, kwa kuwa mashine hufanya kazi ngumu zaidi. Hata hivyo, kule Norway, ambako theluji ni jambo la kawaida, zaidi ya nusu ya nyumba zinatumia pampu hizi. Kwa hiyo hata Njombe na Makete, ambako umande huganda alfajiri, mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo haitashindwa. Baridi yetu haiishindi mashine. Tujiulize kama nyumba zetu zinaweza kutunza joto linaloletwa.

Wazee wa Kigogo walilijibu swali hilo zamani. Nyumba ya tembe ina ukuta mnene wa udongo na paa la miti lililofunikwa kwa udongo. Udongo hunywa joto la jua mchana kutwa, kisha huliachia polepole usiku. Sisi tumejenga kwa bati. Bati hupata moto haraka saa sita mchana, na hupoa haraka jua likizama. Kama chini ya bati hapana dari, joto lolote utakalonunua kwa LUKU litapanda juu na kuwahi kutoka nje.

Sasa tufanye hesabu. Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa nne kila usiku inakula uniti 4, yaani uniti 120 kwa mwezi. Pampu ya joto itakupa joto hilo hilo kwa uniti 40 hivi. Tofauti ni uniti 80 kwa mwezi, au 160 kwa Juni na Julai. Zidisha kwa bei unayolipa, kisha linganisha na bei ya mashine na malipo ya fundi. Utaona kwamba kwa baridi ya miezi miwili peke yake, fedha yako itachukua miaka mingi kurudi. Lakini kama ungenunua kiyoyozi kwa ajili ya joto la Oktoba na Novemba, linalopita nyuzi 30, basi kuchagua kile cha pande mbili ni busara.

Ushauri wangu kwa msikilizaji wetu ni huu. Kwanza, weka dari kwenye chumba cha mama. Pili, ziba nafasi chini ya mlango na pembeni mwa madirisha, hasa upande wa mashariki unakotoka upepo, lakini acha tundu dogo la hewa. Tatu, mwezi Juni jua letu hupita upande wa kaskazini. Kama kuna chumba chenye dirisha upande huo, mama ahamie humo, na pazia lifunguliwe mchana na kufungwa jioni. Mpe blanketi zito, kisha msikilize mwenyewe anasemaje.

Ikiwa bado anatetemeka, na uwezo unao, nunua pampu ya joto ndogo inayolingana na chumba hicho kimoja, si nyumba nzima. Dukani usikubali neno la muuzaji peke yake. Viyoyozi vingi vinavyouzwa kwetu ni vya kupoza tu. Tazama rimoti na maandishi ya kiwandani kama kuna alama ya jua na maelezo ya kupasha joto. Dai ya inveta, kwa kuwa hutumia umeme kwa kiasi kinachohitajika. Funga na kifaa cha kulinda umeme, maana umeme ukipungua nguvu huua kompresa.

Na kama umepanga chumba kisicho na dari, mashine hiyo si yako kwa sasa. Fedha hiyo zungumza na mwenye nyumba, muweke dari. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, huenda walikuwa wanatetemeka.